Njia za Kufika Kusini, na Waliopita Humo

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Nachingwea au Ruangwa siku hizi ana njia za kuchagua. Akipanda basi alfajiri, atavuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, atapita Somanga na Nangurukuru, kisha atafika njia panda ya Mnazi Mmoja karibu na Mingoyo. Hapo ataiacha pwani na kuingia bara kwa kufuata bonde la Lukuledi, akipita Mtama na Nyangao. Akifika Nanganga anakata kulia kwenda Ruangwa. Asipokata, anaendelea Ndanda hadi Masasi, na kutoka Masasi anageukia kaskazini kwenda Nachingwea. Mwenye haraka na nauli ya kutosha hupanda ndege hadi Mtwara na kumalizia kwa gari. Anayetoka Nyanda za Juu hupitia Songea na Tunduru. Ipo pia njia ya kutokea Nangurukuru kupitia Liwale, kwa mwenye gari imara na subira.

Wazee wetu hawakuwa na nafasi ya kuchagua namna hiyo. Kwa muda mrefu Kusini ilikuwa kama kisiwa katika nchi kavu. Mashariki kuna bahari, kusini kuna Ruvuma, kaskazini kuna Rufiji ambao ulifurika kila masika, na magharibi kuna pori kubwa la Selous. Kila kilichotufikia, kiwe chumvi, nguo, vita au Injili, kilikuja na mtu aliyekubali kutaabika njiani.

Katika makala hii tutazipitia njia hizo kwa zamu, na kila moja tutaiuliza maswali mawili. Ilifunguliwa ili ibebe nini? Na waliopita humo walituachia nini?

Njia ya minyororo

Njia ya kwanza inayojulikana vizuri katika historia yetu ni ya misafara. Ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapita nchi ya Wayao na kushuka hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu. Walitembea wamefungwa shingoni, wengine wakiwa na pembe vichwani, na aliyeishiwa nguvu aliachwa porini. Waliofika pwani walipakiwa majahazini kwenda Zanzibar, na kutoka huko wengi walivushwa hadi Pemba, Uarabuni na Ghuba. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za biashara hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza watu kusafirishwa baharini kama bidhaa. Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko. Biashara haikuisha siku hiyo. Majahazi yaliendelea kusafiri kwa siri, na manowari za Waingereza ziliendelea kuyakamata. Waliookolewa walikabidhiwa kwa misheni, na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliwapa makao Mbweni. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, watu wa huku kwetu na wa ng'ambo ya Ruvuma. Walikuwa huru, lakini walikuwa mbali na kwao.

Waliorudi kwa miguu

Mwaka 1875 Askofu Edward Steere alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, ili kuitazama nchi. Mwaka uliofuata alirudi, na safari hii hakuja na wamisionari peke yao. Alikuja na watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, zaidi ya hamsini. Walikuja kwa chombo hadi Lindi, na kutoka Lindi wakashika njia kwa miguu.

Tuitazame safari hiyo ilivyokuwa. Hapakuwa na gurudumu. Ng'ombe na punda wasingedumu, kwa sababu mbung'o waliwaua. Kila kitu kilibebwa na mtu: chakula, nguo za kulipia njia, sufuria, dawa, vitabu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia kilo 30. Mwendo ambao basi la leo linaumaliza kabla ya chakula cha mchana ulichukua wiki nzima au zaidi, na kila jioni swali lilikuwa moja: maji yako wapi?

Mpango wa kwanza ulikuwa kwenda mbele zaidi, kuelekea Nyasa. Lakini walipofika Masasi, chini ya milima ile ya mawe, waliona maji na udongo mzuri, wakaamua kukaa. Askofu alirudi Zanzibar. Wao walibaki wakajenga nyumba, wakalima, wakasali. William Percival Johnson alibaki nao, na Chauncy Maples akaja mwaka 1877.

Hapa msomaji wa Biblia hawezi kupita haraka. Njia hiyo ilikuwa miongoni mwa zile walizoteremshwa watu kama wao, wakiwa mali ya wengine. Sasa wameipanda wakiwa huru, na ndio waliolileta Kanisa. Tunamkumbuka Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, kisha akawa ndiye mwenye chakula siku ya njaa. Tukisema Injili ililetwa Kusini na Wazungu, tumesema kweli nusu. Ililetwa pia na Waafrika waliokuwa wameuzwa. Wengi wao historia imewahesabu tu, bila kuwataja kwa majina.

Wala hawakupata raha mara moja. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na misheni ikatuma watu kwenda kuwakomboa. Fikiria uchungu wa mtu aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akatembea kurudi, kisha akatekwa tena. Baadhi ya waliobaki walihamia Newala. Hata hivyo kazi haikufa, na Masasi ilijengwa tena.

Miaka michache baadaye alikuja Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akasomeshwa Kiungani huko Zanzibar. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, na mwaka 1890 alipewa upadri, akiwa Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA. Huko Chitangali alifundisha, alibatiza, na alitembelea vijiji kwa miguu yake mwenyewe. Kwa watu wa Chitangali Kanisa halikuwa kitu cha mgeni anayekuja kiangazi na kuondoka masika. Lilikuwa na mtu wake, mwenye mke na shamba palepale.

Moto wa 1905

Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani nao waliingia bonde la Lukuledi katika miaka ya 1890, wakafungua vituo Lukuledi na Nyangao. Lakini kufikia wakati huo njia ilikuwa imepata wasafiri wengine. Ilipita serikali ya Kijerumani na askari wake. Walipita wakusanya kodi na maakida walioamrisha watu kulima pamba kwa nguvu.

Vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905, moto ulisambaa Kusini yote kwa wiki chache. Agosti mwaka huo Askofu Cassian Spiss, akisafiri kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea Peramiho, aliuawa katika nchi ya Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Nyangao na Lukuledi ziliharibiwa. Masasi nayo iliteketea, na wamisionari wake wakakimbilia pwani.

Ni rahisi sisi Wakristo kusimulia habari hii kama habari ya mashahidi tu. Walikuwepo mashahidi, nao tunawaheshimu. Lakini haki inatudai tuseme pia jambo la pili. Mwanakijiji wa mwaka 1905 alimwona mmisionari na mkusanya kodi wakija kwa njia ileile, wakisema lugha ileile, wakikaribishana mezani. Angewatofautishaje? Nayo adhabu iliyofuata ilikuwa kali kupita kiasi. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wamwera wa sehemu hizi walizika sana miaka hiyo. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906 katika nchi yenye majivu na makaburi mapya, na bila shaka ilichukua muda mrefu kabla watu hawajaamini kwamba aliyekuja amekuja kutibu na kufundisha, si kudai.

Vita Kuu ya Kwanza iliipita njia hiyohiyo. Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 hadi 18, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mapigano makali kuliko yote ya vita hiyo Afrika Mashariki. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi, wengi wao wakichukuliwa kwa lazima, na makumi ya maelfu walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Wakati huo wamisionari Waingereza walikuwa wamefungwa na Wajerumani. Upande wa Masasi, mapadri na walimu Waafrika ndio waliobaki na kondoo. Vita ilipokwisha Kanisa lilikuwa bado lipo, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi.

Reli ya karanga

Wazee wa Nachingwea wanaijua njia iliyofuata, kwa sababu mji wao ulizaliwa nayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 uliandaliwa mpango wa kulima karanga Tanganyika katika eneo kubwa sana, huko Kongwa, Urambo na huku Nachingwea. Mwaka 1947 kazi ilianza. Matrekta yalikuja, pori likafyekwa, uwanja wa ndege ukatengenezwa. Kwa ajili ya karanga ilijengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikapanda bonde la Lukuledi hadi Nachingwea. Baadaye ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954.

Sasa mtu wa huku aliweza kufika baharini bila kutembea wala kubebeshwa mzigo. Lakini karanga hazikuja kama zilivyohesabiwa mezani. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikutabirika, mashine ziliharibika, na wenyeji walioijua ardhi hawakuulizwa vya kutosha. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango, ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 30. Reli iliendelea kusuasua kwa mizigo michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, vyuma vikang'olewa. Ilikuwa haijatimiza hata miaka 15.

Reli haikuwa dhambi, na matrekta hayakuwa dhambi. Waliokuja nayo wengi walifanya kazi kwa bidii. Lakini ilijengwa kwa sababu ya zao moja, na zao lilipokosekana haikuwa na sababu nyingine ya kubaki. Wale hamsini na zaidi wa mwaka 1876 hawakuwa na chuma wala pauni. Walikuwa na majirani, mashamba na sala za jioni, na wajukuu wao wapo hadi leo.

Hata hivyo Mungu hutumia hata mabaki ya mipango ya wanadamu. Shamba mojawapo la karanga, lililojulikana kama Farm 17, baadaye lilikuwa karibu na kambi ambamo wapiganaji wa FRELIMO walijifunza na kujiandaa kuikomboa Msumbiji. Wakimbizi wa Msumbiji walipokuwa wakivuka Ruvuma, Askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, aliyekuwa amepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini kabla ya kuja kwetu mwaka 1960. Mwaka 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea na kuanza safari ya ushindi kutoka Ruvuma hadi mji mkuu wa nchi yake. Mahali palipotengenezwa kwa ajili ya karanga pakatoa watu huru. Kwa mara ya pili katika miaka mia moja, watu walipita nchi yetu wakielekea kwao na uhuru wao.

Masika na pantoni

Baada ya reli kung'olewa, Kusini ilirudi kuwa kisiwa. Wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wanakumbuka. Safari ya Dar es Salaam ilitegemea pantoni ya Rufiji, na pantoni ilitegemea mto. Mvua zikizidi, mabasi yalipanga foleni, abiria walilala chini ya magari, na akina mama walipika kando ya barabara kwa siku kadhaa. Udongo mweusi kati ya Ndundu na Somanga ulimeza magurudumu. Wengine waliamua kuzunguka kupitia Songea na Tunduru, mwendo wa siku nyingi. Wengine walisubiri meli Mtwara.

Katika miaka hiyo Kanisa lilijifunza kitu. Mgonjwa hakusubiri barabara ikauke, na mtoto hakusubiri pantoni ili azaliwe. Hospitali za misheni, kama vile Ndanda, Nyangao, Mnero na Mkomaindo, zilikuwa na maana kubwa kwa sababu zilikuwa upande wetu wa mto. Padri aliyekosa dizeli alipanda baiskeli. Katekista aliyekosa baiskeli alitembea. Jumapili kengele ililia, au kipande cha chuma kiligongwa chini ya mwembe, na watu wakakusanyika.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, urefu wake ukikaribia kilomita moja, likipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Baadaye lami ilikamilika kati ya Ndundu na Somanga. Na katika miaka ya karibuni lami imepanda kutoka Nanganga hadi Ruangwa mjini. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Mama mjamzito anayefika hospitali kwa saa moja badala ya siku moja anaijua thamani ya lami kuliko mwandishi yeyote.

Njia hii inabeba nini?

Sasa maswali yetu mawili yanatuhusu sisi. Malori yanashusha ufuta, mbaazi na korosho. Madini ya kinywe ya Ruangwa nayo yanatoka. Mabasi yanachukua vijana wetu kwenda Dar es Salaam, na wengi hawarudi ila kwa misiba. Kwa njia hiyohiyo huja bidhaa, wafanyabiashara, na wahubiri wa siku tatu wenye vipaza sauti, ambao siku ya nne wameshaondoka.

Na bado lami haifiki kila mahali. Kwa waumini wa Chunyu, au wa vijiji vingine vingi vya Ruangwa na Nachingwea, safari humalizikia kwenye njia ya vumbi au tope, kwa bodaboda, kwa baiskeli au kwa miguu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi ya Majaliwa, na leo ni kazi ya katekista ambaye posho yake haitoshi hata tairi jipya.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunasoma habari za yule towashi Mhabeshi aliyekuwa akirudi kutoka Yerusalemu. Alikuwa na gari, njia, na chuo cha nabii Isaya mikononi. Hakukosa chombo cha usafiri wala kitabu. Alikosa mtu wa kukaa naye na kumweleza. Filipo alilifikia gari lile kwa mbio za miguu, akapanda, akaketi naye. Barabara za Warumi, ambazo baadaye Paulo alizitumia sana, zilijengwa kwa ajili ya majeshi na kodi, kama zetu zilivyojengwa kwa ajili ya pembe, pamba na karanga. Injili ilizipita zote kwa sababu walikuwepo watu walioamua kushuka njiani na kukaa.

Kwa hiyo sharika zetu zinaweza kufanya mambo matatu, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti ya serikali. La kwanza, tuwatunze makatekista wanaofika pale gari lisipofika. Baiskeli nzima ni sehemu ya uinjilisti. La pili, tusiwaache vijana waliopanda basi. Yupo mtu wa Ruangwa karibu kila mtaa wa Dar es Salaam, na barua au simu ya kumtambulisha kwa kanisa la jirani yake haigharimu kitu. La tatu, kila usharika ukae na wazee wake na kuandika: imani ilifika kijijini kwetu mwaka gani, kwa njia ipi, na ililetwa na nani? Waliotembea kutoka Lindi mwaka 1876 tumepoteza majina yao mengi. Waliowafuata bado wanakumbukwa na watu walio hai, lakini kila mwaka tunazika mmoja au wawili wa wanaokumbuka. Daftari moja na jioni chache zinatosha kuanza.